Kaske Iliyolala Nyumba kwa Nyumba

Mikono yangu ilikuwa imejaa unga wa muhogo Rehema aliponivisha kaske yake kichwani, juu ya mtandio, bila hata kuniomba ruhusa. Kaske ndivyo tunavyoziita kwetu spika zile kubwa zinazofunika masikio yote mawili. Tulikuwa uani kwa bibi yake, mjini Rumonge, tukiandaa chakula cha arobaini. Huyo bibi yake ndiye Mama Sikujuwa aliyetutoka, ambaye nilikaa kwake mwaka mmoja wa ujana wangu na ambaye mpaka leo nikimtaja hunijia harufu ya mawese. "Tanti Hadija, wewe ndio wa kazi hii," Rehema, anayenihesabu shangazi yake, akaniambia kabla hajabonyeza kitufe. "Niambie kweli. Ile duka wamenipa mpaka juma lijalo niamue, nilipe ao nirudishe. Iko na thamani ya ile franga yote, ao haina?" Ni kweli hiyo ndiyo kazi yangu. Nina chumba kidogo Bujumbura, kuta zake nimezivalisha magodoro, na humo huja vikundi vya kasida, kwaya, na wenye maduka wanaotaka tangazo la redio. Watu wakiwa na kitu cha kusikilizia huniletea nikionje, wenzangu wengine wanavyoletewa mboga waonje chumvi.

Akabonyeza, na ua lote likanyamaza. Niliona mwiko unagonga sufuria bila mlio, niliona wanawake wanacheka meno nje na sisikii kitu. Kisha ikaingia kasida niliyoirekodi mwenyewe mwaka jana, na nikaitambua kwa shida. Dufu lilikuwa limenona kuliko nilivyoliacha, sauti zimelainika, hata yule dada wa Kabezi mwenye mafua siku ile alisikika mzima wa afya. Ilikuwa tamu, sikatai. Nikavua nikamwambia Rehema kwamba ni kitu kizuri, kimeshonwa vizuri, hakibani, ila kinatia chumvi ambayo mpishi hakuitia. "Kinakupendeza tu," nikasema, "hakikuambii kweli." Yule mtoto akanitazama kama vile nimezeeka ghafla. "Tanti, kweli minakutana nayo kila siku kule ofisini. Mi minataka kitu ya kunipendeza." Nikacheka mpaka unga ukaniingia puani. Nikamwambia basi alipe, hakuna cha kuuliza tena, na akaondoka nayo akicheza mabega huku wazee wakimwangalia kwa macho ya msibani. Mimi nikarudi kwenye unga wangu, lakini akili haikurudi nami. Kwenye nyumba hiyohiyo niliwahi kuona kaske nyingine ikihukumiwa, na aliyekuwa kizimbani kwa kweli nilikuwa mimi.

Namna nilivyofika kwa Mama Sikujuwa ina watu wengi na sitaki kuwaamsha. Itoshe kwamba nilikuwa na miaka ishirini na kidogo, kwamba vita vilikuwa vimetulia kiasi cha watu kuoana tena kwa kelele, na kwamba nilipewa mkeka kwenye chumba cha mbele. Chumba kile kilikuwa sebule, kilikuwa stoo, na kilikuwa pia ukumbi wa mazoezi. Masufuria ya kikundi yalipangwa ukutani, makubwa ya kuweza kuogesha mtoto ndani yake, na katikati palikuwa na kochi moja la kitambaa chekundu ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulikalia, hata Mama Sikujuwa mwenyewe. Pembeni yalikaa madumu ya mawese aliyoyanunua Kigwena na kuyauza kwa vikombe mlangoni. Jioni tulikula sinia moja, ugali wa muhogo na ndagala, yaani dagaa, zilizokaangwa mpaka zinalia mdomoni, na siku mtu akipita Magara asubuhi tulikula samaki wa mukeke, tukagombania kichwa. Mama Sikujuwa alikula polepole na kuongea haraka. Nilishiba kwenye nyumba ile, na si kwa ugali peke yake, na sidhani niliwahi kumwambia hivyo kwa maneno.

Kikundi kilikuwa cha wanawake wa mtaa wetu wa Waswahili. Waliimba kasida na kupiga madufu kwenye harusi na Maulidi, na kukodisha masufuria kwa yeyote mwenye shughuli. Mama Kadogo, rafiki wa Mama Sikujuwa tangu utotoni, alipiga dufu kubwa na alikuwa na mkono mzito kuliko wa mwanamume. Mariamu, mke wa fundi cherehani, aliitikia kwa sauti ndogo huku akiangalia vidole vya miguu yake. Na mimi niliimba mbele. Nilikuwa na sauti, jamani. Nikiimba harusini watu walitoka barabarani kuja kuangalia ni nani. "Ule mutoto iko na koo," wazee walisema, na mimi niliyahifadhi maneno hayo na kuyatoa usiku mmoja mmoja kuyaangalia. Mwaka ule kikundi kilitaka kurekodi kasida zake na kuziuza, na jambo moja tu ndilo lililonikosesha usingizi: ni sauti ya nani itakayokuwa mbele kwenye kanda. Nilitaka iwe yangu kuliko nilivyotaka kuolewa, na kuolewa nilikutaka sana.

Walikuwa wamejaribu kurekodi mwaka wa nyuma, kabla sijafika, kwa mashine yao wenyewe iliyotoka Kigoma. Walirekodi sebuleni, wakapeleka Bujumbura zikatolewe nakala, na kanda ziliporudi wakakuta zimebeba jogoo wa jirani anayewika juu ya kila ubeti, na pikipiki inayopita katikati ya dua. Harusini watu waliuliza, "Ile jogoo nayo iko mwanachama?" Mama Sikujuwa hakucheka. Alisema safari hii hakuna kitu kitakachotoka Rumonge kabla hakijasikilizwa vizuri, na akaenda kwa mzee Hamudi, mwenye duka la redio, ambaye babu yake alitoka Omani na ambaye yeye mwenyewe hakuwahi kupunguza bei ya kitu tangu azaliwe. Dukani palikuwa na kaske za bei rahisi zimening'inia msumarini. Mzee Hamudi hakuzigusa. Aliinama chini ya meza akatoa sanduku, na ndani ya sanduku sponji, na ndani ya sponji kaske nyeusi ya ngozi iliyotoka Dubai. "Hii hapana ya kuchezea, Mama," akasema. "Hii ndiyo wanavaa watu wa redio. Ukivaa hii, hakuna mutu atakudanganya." Bei yake ilikuwa sawa na masufuria manne makubwa. Nilimwona Mama Sikujuwa akiyahesabu masufuria hayo kichwani, akiyapanga, akiyapangua.

Sasa, kikundi kile kilikuwa na desturi ambayo sijaikuta kwingine. Hakuna kitu kilichonunuliwa kwa mfuko wa wote kabla hakijalala kwenye nyumba ya kila mmoja. Sufuria likitakiwa, muuzaji alilazimika kuliazima kwanza. Lilizunguka nyumba kwa nyumba, kila mama akalipikia, na mwisho walikaa sebuleni na kila mmoja akasema alichokiona: linashika chini, linachelewa kuchemka, masikio yake yanaungua. Vitambaa vya sare vilizunguka vilevile na kufuliwa kila nyumba. Basi kaske ya Dubai nayo ikatembezwa. Mzee Hamudi alikaribia kulia, ila wateja wengine hakuwa nao. Tukaitia ndani ya kikapu chenye mfuniko pamoja na redio ndogo ya kanda, na ndani ya redio tukaweka kanda ya mazoezi ya juma lile, nikiwa mimi mbele na Mariamu na wengine wakiitikia. Kila mama alikaa nayo, akasikiliza, akampelekea mwenzake. Nyumba ya Mama Sikujuwa ilikuwa ya mwisho, kama ilivyokuwa siku zote.

Hukumu zilianza kutufikia kabla ya kikapu chenyewe. Wa kwanza alisema inachoma masikio, utadhani umejifunika blanketi mchana. Wa pili alisema inaharibu nywele. Mwingine alisema mume wake aliivaa akakataa kuivua, akaitwa kula mara tatu hakusikia, na yeye hataki kitu cha namna ile nyumbani kwake. Mwingine, mwenye wifi msemaji, alisema ni kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kuvaa, kisha akaangalia pembeni, akasema lakini hapana, bei iko juu. Mimi niliwashangaa, na kwa kweli niliwadharau kidogo. Nilidhani hawa mama zangu wameipima kaske kama sufuria, wanatafuta mahali inapoungua. Nilitaka inunuliwe. Niliona kwamba kitu cha bei namna ile ndicho kinachofaa kubeba sauti yangu.

Zamu yangu ilikuja mchana wa siku ambayo Mama Sikujuwa alikuwa amemaliza kuisikiliza asubuhi. Alikiweka kikapu juu ya kochi jekundu, jambo ambalo lilipaswa kunishtua, akaenda jikoni. Nikajifungia, nikaketi kwenye mkeka, nikaivaa. Nimevaa kaske nyingi tangu siku ile, za watu wenye pesa na za wanaojifanya wanazo, lakini ile ya kwanza ndiyo bado naipimia nyingine. Nilisikia vidole vya Mama Kadogo vikiteleza kwenye ngozi ya dufu kabla havijapiga. Nilisikia bangili za Mama Sikujuwa. Nilisikia mtu akimeza mate kushoto kwangu, nikageuka kumtafuta, na palikuwa na dumu tu. Kila mwanamke alikuwa amekaa mahali pake, ningeweza kumgusa. Na Mariamu, yule Mariamu wa vidole vya miguu, alikuwa nyuma kule akiitikia kwa sauti iliyosimama palepale ilipowekwa, haitetereki, safi mpaka nikajisikia aibu kwamba nilikaa naye mwaka mzima na sikuwahi kumsikia. Sikuwahi kumsikia kwa sababu nilikuwa nimemfunika. Maana kisha niliingia mimi.

Nitalisema lilivyo. Sauti yangu ilikuwa kubwa, na haikuwa kwenye wimbo. Kila palipotakiwa kupanda, ilipanda ikapitiliza, ikakaa huko juu peke yake kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake, huku wenzangu chini wakijaribu kunifuata na kuharibu walichokuwa wamekishika vizuri. Harusini, na madufu na vigelegele, hilo halisikiki. Kelele ya furaha husamehe mengi. Ndani ya kaske ya mzee Hamudi hapakuwa na kigelegele. Nilirudisha kanda nikasikiliza tena, nikitumaini nimekosea. Nikageuza masikio ya kaske, la kulia kushoto. Nikawaza kusema imekufa sikio moja, irudishwe, tusahau. Mwisho nikaivua, nikaiweka kifuani, nikalia kwa namna ambayo sikuwa nimelia hata kwa mambo yaliyostahili zaidi.

Nilipotoka kwenda kunawa uso nilipita nyuma ya jiko, na Mama Kadogo alikuwa amekuja. Jiko letu lilikuwa la matofali yasiyopigwa lipu, na sauti ilipita humo bila shida. "Naye amesikia?" Mama Kadogo aliuliza. "Sijui. Iko anasikia sasa hivi," Mama Sikujuwa akajibu. "Mi nilisikia tangu juma lililopita," akasema Mama Kadogo. "Sote tulisikia. Kila mutu alisikia kwake akanyamaza. Ile mama wa wifi alikuja kwangu analia, anasema ile kitu iko muzuri sana lakini atasema haifai, maana ikibaki hapa, ule mutoto siku moja atajua." Nilisikia mwiko ukizunguka ndani ya sombe ya majani ya muhogo, taratibu. Kisha Mama Sikujuwa akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka umri huu. "Turudishie Hamudi kitu yake. Kanda ikiwa mubaya, ni mubaya, watu watacheka tena. Tumeshachekwa. Lakini Hadija akinyamaza humu ndani ya nyumba, mi nitafanya nini na hiyo kanda muzuri?"

Nilisimama pale na uso wangu haujanawa. Nimejaribu mara nyingi kueleza nilichohisi, na kila mara huwa nasema aibu, lakini aibu ilikuwa ndogo. Kilichokuwa kikubwa ni kitu kingine. Kumbe zile hukumu zote za kijinga, nywele, joto, mume asiyesikia, zilikuwa zimesemwa na watu waliosikia kila kitu. Wanawake wazima, waliolipia jogoo mwaka uliopita na kuchekwa mji mzima, walikuwa wamekubali kuchekwa tena ili mimi nisijue. Waliipima bei ya ile kaske vizuri kabisa. Waliona bei yake ni mimi, wakasema ni ghali. Sijawahi kupendwa hivyo na watu wengi kwa pamoja, na sitegemei kupendwa hivyo tena. Nilinawa uso kwa maji ya kuoshea sufuria.

Walikutana Ijumaa baada ya swala, kila mmoja na mahali pake kwenye mkeka, kikapu katikati. Waliongea kuanzia kwa mkubwa. Mama Kadogo akasema inamuumiza shingo. Wa pili yake akarudia habari ya joto. Nywele zikatajwa. Mume akatajwa. Mariamu akasema, "Mi sijui," akiangalia vidole. Waliongea vizuri, kwa nyuso kavu, na kama nisingesikia yale ya jikoni ningewaamini kama nilivyowaamini juma zima. Mwisho wakanifikia mimi.

"Mimi nasema tuinunue," nikasema.

Mama Sikujuwa akanigeukia. "Umeisikiliza?"

"Nimeisikiliza, Mama."

"Yote?"

"Yote. Nimesikia kila mtu. Nimejisikia na mimi." Nikamgeukia Mariamu. "Mariamu ndiye aimbe mbele. Mnajua wote. Nami sasa najua."

Yule mama mwenye wifi akajifunika uso kwa kanga. Mama Kadogo akaanza kusema hapana, hapana sema vile, wewe iko na koo, kila mutu anajua, na sauti ikamkatikia njiani. Mariamu peke yake ndiye aliyeinua macho, na nikaona kwamba alikuwa ameogopa juma zima kuliko mimi, akiogopa kupewa kitu kilichotolewa mkononi mwangu. Nikamwambia, "Dada, imba." Ndipo Mama Sikujuwa akainuka. Hakunikumbatia, hakuwa mtu wa hivyo mbele za watu. Alikwenda ukutani, akaanza kuyashusha masufuria manne ya kumpelekea Hamudi, akiyapangusa moja moja kwa upindo wa kanga yake, na wengine wakainuka kumsaidia bila kuambizana.

Tulirekodi Jumatatu iliyofuata. Jogoo wa jirani alikuwa amefungwa ndani ya gunia lenye matundu na watoto wametumwa ziwani kuoga. Mariamu alisimama mbele. Nilikuwa nimejiandaa kukaa nyuma niitikie kwa sauti ya chini, lakini Mama Sikujuwa alinishika mkono akanipitisha wote, akaniketisha kwenye kochi jekundu, akanivisha kaske ile mwenyewe na kunirekebishia mtandio. "Wewe hapana imba leo," akasema. "Wewe sikiliza. Ikiharibika, inua mukono. Utatuambia kweli vile ulituambia Ijumaa."

Wakaanza. Mariamu aliimba ubeti wa kwanza na mimi nikasahau kwamba niliwahi kutaka kuwa pale aliposimama. Ubeti wa pili, kwenye kuitikia, mtu mmoja aliingia mapema. Nikangoja, labda itajirekebisha. Wakarudia kuitikia na ile sauti ikaingia mapema tena, na nilikuwa nimeshaijua ni ya nani kwa sababu nilizisikia bangili zake. Nilitazama mlango. Nilitazama pale patupu ukutani palipokuwa na masufuria. Kisha nikainua mkono, na chumba kizima kikanyamaza, madufu yakabaki yameshikwa hewani.

"Nani?" Mama Sikujuwa akauliza.

"Ni wewe, Mama. Unaingia kabla yao."

Aliniangalia kwa yale macho aliyoyatumia kuangalia masufuria yaliyorudishwa na mikwaruzo. Kisha uso wote ukamlegea, akacheka mpaka akashika mbavu, na Mama Kadogo akacheka, na Mariamu akacheka, na mimi machozi yakaniingia ndani ya ngozi ya kaske ya bei ile yote.

"Murakoze, mutoto wangu," akanishukuru kwa Kirundi. "Tuanze tena."